Taja Upande

Kanuni ya kwanza ya kundi letu la simu, kundi la majirani, iliandikwa na fundi cherehani wa pale kona: "Anayeomba msaada haulizwi yeye ni nani." Mama huyu aliilinda miaka sita. Mtu akianza maswali, alimjibu, "Nenda kwanza, umbea utaukuta," na mtu alikwenda.

Kisha halmashauri yetu ikagawanywa mbili, ya Juu na ya Chini, kila moja na ofisi yake na gari lake la taka. Sioni kosa hapo. Serikali ina haki ya kugawa kazi zake. Ila malalamiko ya taka yalianza kuchanganyika kundini, ndipo fundi akaweka utaratibu: kila ujumbe uanze na herufi, J au C.

Haikuchukua miezi mitatu, watu wa J wakawa hawasomi tena habari za C. Kinyozi, mcheshi wetu, akiona mtu kasahau herufi humwandikia, "Wewe yatima, baba yako halmashauri gani?" Tulicheka. Na mimi nilicheka.

Asubuhi moja, saa nne, fundi alikuwa akipinda sketi za sare. Ukaingia ujumbe kwa namba ngeni: "Jamani mwenye gari aje, mama kaanguka, mdomo umepinda." Hauna herufi. Mguu ukiwa bado kwenye pedali, fundi aliandika kwa kidole kimoja, "Taja upande," akarudi kwenye pindo lake.

Ilipokaribia saa tano na nusu, dereva teksi alisimama mlangoni, jasho linamtoka.

"Fundi, unajua yule uliyemwambia ataje upande ni nani?"

"Si mtu wa namba ngeni?"

"Ni binti wa Bi Mkasi. Kabadilisha laini juzi."

Bi Mkasi ndiye aliyemfundisha fundi kushona, tangu kutia uzi mpaka kukata suti. Alipewa jina hilo kwa mkasi aliouning'iniza shingoni hata akienda msibani. Mguu wa fundi uliendelea kukanyaga. Sketi ilikwishapita na kuanguka sakafuni, sindano ikawa inadunda tupu juu ya chuma.

"Nani kampeleka hospitali?"

"Mimi. Binti alitoka nje akanigongea kioo."

"Kwani ulikuwa wapi?"

Dereva alitazama viatu vyake. "Mkabala na mlango wao. Ujumbe niliuona, fundi. Nikasema ngoja wataje, wa Chini wana magari yao."

Fundi alikwenda hospitali na chaki bado mkononi. Binti hakumgombeza, ingekuwa nafuu angemgombeza. Alimpa simu asome. Majibu tisa, saba yanauliza upande, moja la kinyozi kuhusu yatima, na la mwisho limeandikwa "poleni".

"Mama mdogo," binti alisema, "nilikuwa nimemshika kichwa kwa mkono mmoja. Na upande wenyewe siujui. Mpaka umepita uani kwetu. Jiko liko Juu, chumba cha mama kiko Chini. Nilikuwa nafikiria niandike herufi gani."

Fundi alimrudishia simu.

Watu wetu sasa wanasema halmashauri mbili zimetugawa. Si kweli. Hakuna karani wa ofisi yoyote aliyeandika majibu yale tisa. Mpaka ulikuwa wa taka, sisi tukaupeleka mpaka kwa mgonjwa, na wa kwanza kuupeleka alikuwa mwenye kanuni.

Jioni ile fundi alifuta herufi na kuirudisha kanuni yake juu kabisa. Watu sitini na mmoja walikuwa wamekwisha kuhama kuanzisha kundi lao la Juu.

Daktari alisema dakika arobaini zilipotea. Bi Mkasi yu hai. Hasemi, na mkono wake wa kulia haushiki mkasi.