Raundi ya Saba ya Symphorien Mutale

Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2024. Joto tangu saa moja asubuhi. Mawingu yalikusanyika upande wa Kipushi, yakakaa huko huko, na mvua haikunyesha. Mijakaranda ya mtaa wa Bel-Air ilikuwa imemwaga maua barabarani, na kila gari lililopita liliyaponda.

Uani kwake Symphorien Mutale alikuwa akivaa koti kinyume, bitana nje. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, kilo mia na nane, mabega ya mtu ambaye bado hupita mlangoni kwa ubavu. Aliinama juu ya mbabula, jiko la makaa ambalo mkewe alikuwa ameliacha lipoe, akachota jivu na kujipaka usoni.

Claudine, mkewe, alimtazama akiwa ameshika kiuno.

"Papa, ile koti ya ndoa ya mutoto wetu Chancelvie njo unaharibisha vile?"

"Ninaenda kulia Faustin."

"Kulia? Weye hauendi kulia. Unaenda kufanya fujo."

Alisema kweli. Symphorien ni wa ukoo wa Mamba. Faustin Chama, aliyefariki Jumatano, alikuwa wa ukoo wa Samaki, watu waliotoka Pweto zamani kuja kufanya kazi ya reli. Kwa kuwa mamba hula samaki, koo hizi mbili ni watani, banungwe kama wanavyoitana wenyewe. Kwenye msiba wa Samaki, Mamba haleti pole. Huja na kelele, humtukana marehemu, hukalia jeneza na kudai kuku, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Yote yanayosemwa ni utani, na utani huo hukoma watu wanaponawa mikono baada ya kutoka makaburini.

Ndiyo sababu Symphorien alikuwa ameichagua siku hiyo. Alikuwa na neno moja alilolificha miaka thelathini na sita. Aliona kwamba hakuna siku nyingine ambayo angeweza kulisema mbele ya watu wote, na hasa mbele ya Régine, mjane wa Faustin.

Neno lenyewe lilianza Jumapili moja ya mwezi wa saba mwaka 1988, wakati jimbo lilipokuwa bado linaitwa Shaba. Miaka ile ndondi zilikuwa na Jumapili zao. Watu walitoka misa ya pili wakaenda moja kwa moja uwanjani na nguo zao za kanisani, wanaume kwa baiskeli, wanawake na viti vyao kichwani. Tangazo lilichorwa kwa mkono juu ya ubao wa mbao, na mchoraji, ambaye hakuwahi kumwona Symphorien, alimchora na masharubu. Bendi ya reli ilipiga tarumbeta. Baridi ya asubuhi ilipokwisha, harufu iliyobaki ilikuwa ya vumbi, karanga za kukaanga na mafuta ya mawese ambayo mabondia walijipaka mabegani ili ngumi ziteleze.

Symphorien alikuwa na miaka ishirini na saba. Alikuwa mpakuzi kwenye ghala, na alfajiri alikimbia hadi chini ya ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, akaupanda na kushuka mara tano. Faustin alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Alikuwa mfupi kuliko Symphorien kwa kichwa kizima, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa unajulikana hadi Kolwezi. Waligombea ubingwa wa jimbo wa uzito wa juu, raundi kumi.

Raundi ya kwanza mpaka ya sita Symphorien aliongoza. Katika ya saba mkono ule wa kushoto ulimfikia chini ya sikio. Hakumbuki kuanguka. Anakumbuka mbao za ulingo zikiwa karibu na jicho lake, na msumari mmoja uliochomoza, na jinsi alivyofikiri kwamba mtu angepaswa kuupigilia. Alisimama mwamuzi alipohesabu hadi nane. Miguu haikuwa yake. Faustin alikuwa anakuja, ametulia, kama mtu anayevuka chumba kwenda kuzima taa.

Hapo kengele ikalia. Haikuwa kengele kwa kweli, ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya, na aliyekigonga alikuwa mtunza saa wa pambano, Élie, mjomba wa Symphorien, ndugu ya mama yake.

Katika safu ya tatu msichana mmoja alisimama juu ya kiti chake. Alikuwa Régine, mchumba wa Faustin, muuguzi wa zahanati, na alikuwa ameshika saa yake ya kazini, ile ya kuhesabia mapigo ya moyo.

"Haiyafika!" alipiga kelele. "Inabakia sekunde makumi tatu na tano! Haiyafika!"

Watu waliangua kicheko. Symphorien alipumzika kwenye kona yake, maji yakamwagwa kichwani, akarudi kwa raundi ya nane na miguu yake mwenyewe, na mwishoni akashinda kwa pointi moja.

Jumatatu asubuhi mjomba Élie alikuja nyumbani, akakataa kiti.

"Ule mutoto mwanamuke hakusema bongo, alisema kweli," alisema. "Nilikuona unakufa. Mukono ikapiga chuma peke yake."

Symphorien alinyamaza. Mkanda wa ubingwa ulikuwa umetundikwa ukutani, na majirani walikuwa wakiingia mmoja mmoja kuugusa.

Faustin alipeleka malalamiko. Kamati ya ndondi iliomba ushahidi, akasema saa ya mchumba wake, na kamati ikacheka kama uwanja ulivyocheka. Tangu wiki ile Régine akawa Mama Chrono, yaani mama wa saa ya kuhesabia. Jina lilimfuata sokoni na kanisani. Lilimfuata hata kazini, ambako wagonjwa walimtania kwamba ahesabu vizuri asije akawakata sekunde, na daktari mmoja, kwa mzaha, akamwagiza muuguzi mwingine ahesabu tena mapigo ambayo Régine alikuwa ameshayaandika. Mzaha ule ukawa mazoea. Mwaka ulipokwisha aliomba kuhamishwa.

Symphorien aliutetea mkanda wake mara tatu, Likasi, Kolwezi na nyumbani, kisha akaupoteza mwaka 1991 kwa kijana aliyetoka Kinshasa. Baadaye kazi za ghala zilikufa, akanunua lori kuukuu na kuanza kuleta mahindi kutoka Lukafu. Watu waliendelea kumwita Champion, na yeye aliendelea kuitikia.

Na Faustin akawa rafiki yake. Utani wa ukoo ulifanya kazi ambayo kamati haikuweza. Kila alipotoka Pweto alimletea Symphorien samaki wakavu waliofungwa kwa kamba, akasema, "Kula ndugu zangu, Mamba, weye hauna haya." Na kila mwaka mpya, wakiwa wameketi kwenye ua huu huu, alimuuliza:

"Munungwe, ile raundi ya saba ilikuwa ya dakika ngapi?"

"Samaki inajua saa?" Symphorien alijibu, na wote wawili wakacheka mpaka Claudine akatoka ndani kuwatazama.

Mwezi wa tisa mwaka huu Faustin alikuwa kitandani, na pumzi zilikuwa za kuhesabu. Aliuliza swali lile lile. Safari hii hakucheka. Na Symphorien, kwa mazoea tu, kwa sababu mdomo ulikuwa umezoea njia hiyo, alijibu kwamba samaki haijui saa. Faustin alimtazama kidogo, akafumba macho kama anayelala.

Basi Jumamosi hiyo aliingia kwenye uwanja wa msiba akinguruma.

"Iko wapi samaki yangu? Banasema imekauka!"

Waombolezaji waliokuwa wamechoka kulia waliinua vichwa. Jean-Claude, mdogo wake Faustin, alikuwa wa kwanza kujibu.

"Toka, Mamba! Umezeeka, hauna hata meno!"

"Meno yalibakia mu glavu ya kaka yako!" Symphorien alilifikia jeneza, akaketi ukingoni mwa benchi lililolibeba na kupiga ubao kwa kiganja. "Chama! Amka! Unalala, kengele haiyalia?"

Walicheka, na wanawake wawili walicheka huku machozi yakiwatoka. Symphorien alisubiri kicheko kipungue.

"Sikieni bote! Ile raundi ya saba ilikuwa ya bongo. Mujomba wangu Élie alipiga chuma kama saa haiyafika. Sekunde makumi tatu na tano! Mimi nilikuwa nimekufa wima. Champion ni huyu wa mu sanduku!"

Uwanja ulilipuka. Jean-Claude alishika tumbo.

"Mamba inaungama! Iteni padiri!"

"Ni kweli," alisema Symphorien.

"Ni kweli!" waliitikia, wakipiga makofi.

"Ninawaambia ni kweli!"

"Ni kweli! Ni kweli!"

Kadiri alivyosisitiza ndivyo walivyozidi kufurahi. Hakuwa amewahi kuwachekesha hivyo. Aliangalia ndani ya mlango, ambako Régine alikuwa ameketi juu ya godoro, miguu imenyooshwa, kitambaa kichwani. Hakuwa anacheka. Alimtazama jinsi muuguzi anavyomtazama mgeni anayepiga kelele wodini, kisha akageuza uso.

Hapo Symphorien alielewa alichokifanya. Alikuwa amelitoa neno lake na kulirudisha pale pale alipolificha miaka yote, ndani ya utani. Alidai kuku wake kwa sauti ndogo, akapewa, na hakusema utani mwingine.

Kwenye makaburi alibeba jeneza upande wa kichwani. Waliporudi, beseni la maji lilikuwa limewekwa langoni. Alinawa mikono, kisha akanawa uso mpaka jivu lote likatoka, akavua koti, akaligeuza na kulivaa sawasawa. Alivuka kwenda upande wa wanawake na kuketi chini kwenye mkeka, jambo lililomgharimu magoti.

"Mama Régine."

"Champion."

"Utani iliisha pale ku maji."

"Nilikuona ukinawa."

"Ile ya asubuhi haikuwa utani. Mujomba Élie alikuja kuniambia yeye mwenyewe, kesho yake. Nikanyamaza."

Régine aliuliza: "Ngapi?"

"Nini?"

"Sekunde. Sema ni ngapi."

"Makumi tatu na tano."

Régine alifumba macho. "Makumi tatu na tano," alisema polepole. "Njo vile nilisema."

Jean-Claude, aliyekuwa akipita na viti, alicheka. "Mamba, ungali unaendelea?"

"Jean-Claude, nyamaza," alisema Régine. "Mutu anasema na mimi." Kisha akamgeukia Symphorien. "Faustin alikuuliza pale ku kitanda. Nilikuwa nashika sahani, nilisikia. Hakuuliza utani."

"Najua."

"Na weye ukamujibu samaki, samaki."

Symphorien alitazama mikono yake mikubwa iliyokuwa bado na maji.

"Sasa unataka nini?" Régine aliuliza. "Nikusamehe hapa, bantu banaona?"

"Hapana. Nilitaka ujue."

"Mimi nilijua! Mimi njo nilikuwa na saa." Sauti yake ilipanda, na wanawake waliokuwa karibu wakaacha kuzungumza. "Nilijua siku ile ile, nikajua miaka yote. Mutu anakuja na mutoto wa homa, ananiuliza kama nahesabu muzuri, mimi najua nahesabu muzuri. Benye hawakujua ni bale balicheka. Weye unaniambia mimi ya nini? Enda ambia bale."

"Bengi balikufa, Mama."

"Ambia benye kubakia."

Alijifunika kitambaa vizuri, akarudi kuwasikiliza wanawake. Symphorien aliinuka kwa kushika ukuta. Claudine alimngoja langoni, wakatembea kwa miguu mpaka nyumbani.

Jumapili asubuhi, baada ya misa ya kwanza, alikwenda kwenye ule ukumbi wa Kampemba ambako wazee wa ndondi hukutana kila wiki kutazama vijana wakifanya mazoezi na kuwakosoa. Walikuwa tisa, juu ya mabenchi mawili. Walisogea kumpa nafasi yake ya katikati, chini ya picha yake ya mwaka 1988. Hakuketi. Aliomba vijana waache kupiga mifuko kwa muda, akawaambia wazee yote, tangu mkono wa kushoto wa Faustin mpaka mjomba Élie aliyekataa kiti.

Constantin, aliyekuwa akitangaza mapambano kwa kipaza sauti enzi zile, alimkazia macho.

"Mutale, ulikunywa?"

"Ni saa mbili ya asubuhi."

"Basi ni utani yenu ya kilio."

"Kilio iko kwa Chama. Hapa niko mu boksi, mu ndondi yetu."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alichukua kofia yake, akasema hakuja hapo kusikia watu wakiwatukana wafu, na akatoka. Mwingine alitazama picha ukutani, akatazama sakafu.

"Na Mama Chrono?" Constantin aliuliza mwishowe.

"Anaitwa Régine. Alihesabu muzuri."

Ndipo mlango ulipofunguliwa na Donat akaingia, amechelewa kama kawaida yake. Donat alikuwa amesimama juu ya benchi siku ile ya mwaka 1988, na kwa miaka mingi alikuwa akiiga kwa ustadi jinsi msichana yule alivyopiga kelele na saa mkononi.

"Champion!" alisema, akivuta kiti. "Munasema nini hapa, sura zote kama za mufungo?"

Wenzake walimwangalia Symphorien. Alivua koti, akalitundika kwenye kamba ya ulingo, akamgeukia Donat, na akaanza tena toka mwanzo.