Filamu ya Vita Isiyo na Mizinga

Kwenye banda la video nyuma ya soko, pembeni ya televisheni, alikaa mtu mmoja aliyeongea kwa niaba ya watu kumi. Walimwita Kasuku. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu: picha inakwenda, yeye kashika maiki, anatoa sauti ya jambazi, ya mke wa jambazi, ya polisi, na mbwa akitokea anambwekea pia. Lugha yenyewe ya filamu aliijua nusunusu, tena ile nusu ndogo. Palipomshinda alitia chumvi. Nani angemkamata? Wateja walikuja kucheka, na kwa hilo, jamani, Kasuku hakuwa na mpinzani.

Nyumbani ndiko alikokuwa hana lolote. Aliishi na kaka yake mkubwa, mwanajeshi aliyepelekwa kupigana katika nchi za watu. Kaka aliondoka mcheshi kuliko Kasuku mwenyewe, akarudi kafunga mdomo. Alilala na viatu. Alikaa akitazama mlango. Sufuria ikianguka, yeye yuko chini ya meza kabla haijatulia. Ukimsemesha, anakujibu neno moja, basi, imetoka hiyo. Na Kasuku hakutaka kitu kingine duniani: alitaka kaka yake amwambie kilichompata huko. Alijaribu maswali, akajaribu vichekesho, akajaribu hata kununa. Wapi! Mtu anayelipwa kuongea alikula chakula chake kila siku kama anayeishi peke yake, na upweke ule ulimtafuna kwelikweli.

Siku moja mwenye banda akaleta filamu ya vita. Watu wakajaa pomoni. Kumbe vita vyenyewe vimekwisha filamu haijaanza! Askari karudi kwake, kakaa jikoni, anaangalia ukuta. Hakuna bomu, hakuna risasi. Watu wakaanza kupiga miluzi.

"Kasuku, mwamshe huyo!" mmoja akapaza sauti.

Kasuku akaona wateja wanamponyoka. Askari alipojitupa chini ya meza, maneno yakamtoka: "Mke wangu, lete fagio, panya kaingia huku!" Banda zima likaangua kicheko. Askari akalala na viatu. "Nikivua mtavivaa nyie, nawajua!" Mwishoni askari alimshika mkewe mkono, akasema maneno marefu huku machozi yanamtoka. Kasuku hakuelewa hata moja. Akalia kwenye maiki: "Nisamehe mke wangu, ile nyama yote nimeila mimi!" Watu wakashika mbavu.

Taa zilipowashwa ndipo alipomwona. Kaka yake alikuwa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Jirani alimwambia kuna filamu ya askari aliyerudi nyumbani, naye, mtu asiyetoka, akavaa shati lake zuri akaja. Aliinuka, akaenda zake. Vichekesho vile Kasuku alijua kavitoa wapi, na aibu ilimshika hadi akatamani ardhi ipasuke immeze.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Kaka alikuwa mezani, na kikombe cha pili cha chai kilikuwa kimeshamiminwa.

"Kaa, mdogo wangu."

Akakaa.

"Yule bwana hakula nyama."

Lugha ile kaka aliijua vizuri, maana kambini ndiyo waliyoamrishwa nayo.

"Alisema nini, kaka?"

"Alimwambia mkewe kwamba alimpiga risasi mzee mmoja akidhani ni adui. Mzee alikuwa amebeba maji tu. Sasa kila akishika kikombe anamwona." Kaka alikuwa hajagusa chai yake. "Halafu akamwambia, niulize. Usiponiuliza, mwenyewe sitaweza kuanza."

Hata mtoto angejua hapo panatakiwa nini. Swali lilikuwa fupi, tena Kasuku alikuwa nalo mdomoni tayari: na wewe, kaka? Lakini kaka alimtazama usoni, akangoja. Woga ukampanda Kasuku. Alimwogopa mzee yule wa maji, aliogopa angemkuta hapohapo mezani. Ndipo akasikia sauti yake, ile ya bandani, ikisema:

"Si angekunywa kwa mrija tu!"

Kaka alicheka. Alicheka kidogo, kama mgeni asiyetaka kumvunjia heshima mwenyeji.

"Wewe bwana unajua kuchekesha," alisema, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango taratibu.

Kasuku akaufuata mlango. Akauliza sasa, kwa sauti yake mwenyewe, akauliza tena, paji la uso likiwa kwenye mbao.

"Kapumzike, mdogo wangu," kaka alijibu kutoka ndani, kwa upole kabisa. "Kesho una kazi."