Nilianzisha Cheka ndani ya kwaya yetu

Kosa ni langu, tena mara mbili: nililifanya, halafu nikamsingizia mwenzangu. Jina langu lifiche, huku mtaani Ilomba tunajuana wote.

Mimi ni mweka hazina wa kwaya. Tulikuwa na mashindano ya Pasaka, na kitenge cha sare tumekificha kama siri ya vita. Wiki mbili kabla, kwaya ya Mbalizi ikatokea harusini imevaa kilekile, mpaka maua.

Siku zile nilikuwa nasikiliza kwenye simu historia ya polisi wa siri wa Urusi. Baada ya mapinduzi yao waliunda chombo kikiitwa Cheka: makachero wa makoti ya ngozi, jirani akimchunga jirani. Nikasema dawa ndiyo hii. Nikatafuta koti la ngozi la mtumba, nikabishana bei mpaka muuzaji akanuna, nikatinga nalo mazoezini.

"Kuanzia leo," nikawaambia, "tuna Cheka."

Wakacheka.

"Ni jina jamani, siyo amri."

Wakacheka tena. Nikaibatiza Kamati ya Usalama. Hata Warusi walibadilisha jina mara nyingi, kazi ikabaki ileile.

Nikamwomba kila mtu, kwa siri, amchunge mwenzake. Nilijisahau nikawaomba wote. Ikawa mazoezini kila mtu anasikiliza, hakuna anayeimba. Sauti ya nne ikaripoti kwamba sauti ya tatu inahema kwa namna ya kutia shaka.

Wengi walimtaja Tusekile, mwimbaji wetu kiongozi, eti kaonekana Mbalizi. Kumbe alikuwa anamuuguza mama yake huko. Sikuuliza. Nikamsimamisha uimbaji mbele ya wenzake.

"Kaka, kwetu Tusekile maana yake tumefurahi," akasema, anakunja sare yake. "Nimeimba hapa kwa furaha miaka yote. Leo nimekuwa mwizi wa kitenge?"

Akaondoka. Tukashika mkia.

Baada ya Pasaka nikapita duka la vitenge Mbalizi. Mwenye duka akanichangamkia:

"Mzee wa kwaya! Si ulisema tuko wengi, punguza, tunashona sare za Pasaka? Nikaona kumbe kitenge hiki kinafaa kwaya, nikawaonyesha na wa hapa."

Nilivujisha mwenyewe, ili apunguze. Na hakupunguza vya maana.

Baadaye ndipo nikasikia kwamba wakuu kadhaa wa polisi wale wa Urusi waliishia kupigwa risasi na dola waliyoitumikia. Kipande hicho kilinipita, nilikuwa nimeenda kuongeza chai.

Nikamfuata Tusekile hukohuko Mbalizi kumwomba radhi.

"Nimekusamehe kaka, ila sirudi. Kwaya ya huku wananiuliza tu mama kaamkaje."

Wenzangu, siri ikivuja, kabla hujamgusa mtu kumbuka kwanza ulichoropoka dukani. Na koti liache hukohuko mnadani.

Jumapili iliyopita nilienda Mbalizi kumsikiliza akiimba. Nikakaa benchi la mwisho, machozi yakanitoka. Mama mmoja akaniinamia sikioni.

"Wewe," akanong'ona, "umetumwa na nani?"