Funguo za Olda

Milada Vaculíková hakuwahi kuipenda hoki, na alisema hivyo waziwazi, tena Ostrava, mji wa Ucheki ambao ukitamka maneno hayo watu wanakutazama kama umewatukania mama zao. Kwake hoki ilikuwa wanaume wazima wanaokimbizana juu ya barafu wakigombea kisahani cheusi cha mpira, na wakikikosa wanatwangana ngumi. Lakini alimpenda Olda, na Olda hakwenda uwanjani bila yeye. Basi maisha yake yote ya ndoa Milada alikaa jukwaani na blanketi magotini, akifuma soksi, na kila mechi akiuliza swali lilelile, "Sisi ndio wekundu au weupe?" Olda alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Jumapili hiyo hakuja na soksi za kufuma. Mikono yake ilikuwa na kazi ya kumshika mumewe, tangu kwenye tramu mpaka kwenye viti vyao juu kabisa. Alikuwa amemvalisha jezi ya taifa, ileile ya zamani iliyopauka. Wacheki walikuwa wanacheza na Wafini, na mji mzima ulinuka bia na soseji. Kesho yake asubuhi Olda angepelekwa kwenye nyumba ya wazee, kwa sababu ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemla kiasi ambacho Milada peke yake hakumweza tena. Begi lilishafungwa, limesimama kwenye korido karibu na mlango.

Tangu Krismasi Olda hakuwa amemwita mkewe kwa jina. Alimwita "dada", kwa adabu zote, kama mtu anavyomwita muuguzi wa zamu. Na Milada alitaka jambo moja tu: kabla ya lile begi kunyanyuliwa, amwite Mila, walau mara moja, akijua anamwita nani. Daktari alimwambia asijipe matumaini. Daktari alikuwa kijana mzuri, lakini hakuwahi kumwona Olda uwanjani.

"Mzee, karibu sana! Jezi hiyo umerithi kwa babu?" aliuliza jirani yao wa kiti, jitu nene lililojipaka rangi za bendera usoni, jina lake Čestmír.

"Niliponunua jezi hii wewe ulikuwa unanyonya," Olda akamjibu papo hapo. "Na naona bado unanyonya, chupa tu imebadilika."

Safu nzima ikaangua kicheko. Čestmír akainua glasi yake ya plastiki kukubali kipigo. Milada alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga. Ilikuwa miezi tangu amsikie akitoa jibu kama hilo.

Na hakuishia hapo. Refa alipowaadhibu Wacheki, Olda alisimama akapaaza sauti, "Refa! Mkeo amekunyima chai leo?" Uwanja ulipoanza kuimba kwamba asiyeruka si Mcheki, naye aliruka, ingawa ukweli ni kwamba visigino tu ndivyo vilivyopanda na kushuka, huku kashika chuma cha mbele kwa mikono miwili. Wacheki walifunga, wakafunga tena. Mashavu ya Olda yakapata damu. Milada akapiga moyo konde. Akamsogelea, akauliza kama alivyouliza miaka yote:

"Sisi ndio wekundu au weupe?"

Olda akageuka. Akamtazama usoni.

"Wekundu, dada," alisema kwa upole. "Ni mara yako ya kwanza?"

"Ndiyo," alisema Milada. "Ya kwanza."

"Basi kaa karibu yangu, nitakueleza. Usione haya. Mke wangu naye haelewi kitu, maskini, na haachi kuja."

"Leo yuko wapi?"

"Nyumbani. Ananisubiri."

Milada akakaa karibu yake, akaelezwa. Aliambiwa kisahani kikivuka mstari fulani inakuwaje, na kwa nini yule kijana amekaa kwenye kibanda cha adhabu kama mwizi. Aliitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi. Iliuma, lakini pia ilikuwa sauti ya Olda.

Kipindi cha tatu kilikuwa kinaelekea mwisho, Wacheki wana mabao manne na Wafini moja, na hapo Milada akasikia mlio wa kwanza, halafu wa pili, halafu uwanja wote. Alikuwa amesahau funguo za Olda.

Hakuna Mcheki asiyejua. Ushindi ukishakuwa mkononi na muda umebaki kiduchu, kila mtu hutoa funguo mfukoni na kuzichezesha juu ya kichwa, kuwaambia wageni kwamba muda umekwisha, nendeni kwenu. Na fungu la funguo za Olda lilijulikana jukwaa zima kwa kelele. Lilikuwa na ufunguo wa nyumba, wa stoo ya chini, wa baiskeli iliyoibwa zamani, na wa kabati la kiwanda cha chuma ambacho kilishafungwa. Hakukubali kutupa hata mmoja. Lakini Februari alijifungulia mlango alfajiri, akatoka na ndara kwenye theluji, akapanda tramu kwenda zamu kwenye kiwanda hichohicho, na polisi ndio waliomrudisha. Siku hiyo Milada alilificha fungu lake ndani ya mkebe wa unga. Olda aliliulizia kwa siku kadhaa, kisha akaacha, na Milada, Mungu amsamehe, alishukuru kwamba amesahau.

Sasa Olda alikuwa anajipapasa. Mfuko wa suruali, wa koti, tena wa suruali. Huku na huku watu wanachekelea na vyuma vinalia, na uso wa Olda ulikuwa unazeeka palepale.

"Funguo zangu," alisema. "Jamani, funguo zangu sina."

"Piga makofi tu, mzee!" Čestmír alimpigia kelele.

"Nitaingiaje nyumbani? Mila anasinzia mchana, hasikii nikibisha. Nitaingiaje?"

Ndivyo jina lake lilivyotoka. Milada alilisikia vizuri, katikati ya makelele yote yale, akiwa amesimama ubavuni pake kama mtu baki. Akafungua mkoba akatoa funguo zake mwenyewe.

"Hizi hapa. Zilidondoka."

Olda akazipima kiganjani. "Mbona nyepesi?" alisema, lakini hapohapo akazinyanyua juu na kuzitikisa kwa nguvu zake zote, akicheka, mpaka kengele ya mwisho.

Kwenye tramu hakuziachia. Jua lilikuwa bado halijazama walipopanda ngazi mpaka ghorofa yao, na Olda akatangulia, akauchomeka ufunguo bila kukosea, akaufungua mlango.

"Mila!" aliita ndani. "Mila, tumeshinda!"

"Nipo hapa," alisema Milada nyuma yake.

Olda akageuka, akamwinamishia kichwa. "Asante kwa kunisindikiza, dada. Ningekukaribisha kahawa, lakini mke wangu nadhani kalala." Akaufunga mlango taratibu, asimwamshe huyo mke.

Mlango ule ukishajifunga haufunguki kwa nje bila ufunguo. Milada alibaki kwenye ngazi. Kwanza alikasirika, akaukasirikia ugonjwa, akamkasirikia Olda, akajikasirikia mwenyewe na mkebe wake wa unga. Kisha akawaza jiko la gesi, hofu ikamshika, akabonyeza kengele. Akabonyeza tena, akaweka sikio mlangoni, akasikia ndara zikiburuzwa.

Mlango ukafunguka. Olda alimtazama usoni, akatazama nywele zake, akatazama mkoba.

"Mila! Wewe mwanamke, ulikuwa wapi? Nakuita nyumba nzima! Tumeshinda, tena manne!"

"Nilikwenda dukani mara moja," alisema Milada, akijifuta machozi.

"Sasa unalia nini? Ungekuja ungeona!" Akamvuta ndani, akamkumbatia, akinuka haradali na bia kama Jumapili zote za zamani. Mikono yake ilijua mahali pa kushika. Alimshikilia muda mrefu, kisha macho yake yakaangukia nyuma ya mlango.

"Na begi hili? Nani anasafiri, Mila?"

Milada akainama kuvua viatu. Alifungua kamba za kimoja, polepole, akakiweka pembeni, akaanza cha pili, kwa sababu akishamaliza viatu ingembidi ajibu.