Mtoto Aliyegeuka

Kwa miaka kumi na tisa, katika zahanati moja ya Babati mjini, Nesi Philomena alipima masikio ya watoto kwa kopo la maziwa lenye punje za mahindi. Mama anampakata mtoto, Philomena ananyata nyuma yao, anatikisa. Mtoto akigeuka, anasikia. Basi. Na tusifichane, alijivunia kopo lake. Mashine ya kupimia ilipoletwa, aliiita kidude cha watoto wa chuo.

Kisha manesi wakapelekwa semina ya mashine hiyo. Huko mkufunzi akasema jambo lililomkosesha raha: kopo likitikiswa ghafla mama hushtuka, goti lake hucheza, na mtoto hugeuka kwa sababu ya goti. Siku nzima iliyobaki Philomena alikaa anahesabu magoti.

La kwanza kumjia lilikuwa la Mama Joyness wa Nakwa. Alimleta binti yake akiwa na miezi tisa, ana mashaka naye, akajibiwa, "Anasikia vizuri huyu, acha wasiwasi." Sasa Joyness ana miaka miwili na nusu na hajatamka hata "mama". Philomena akampigia simu amlete tena.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, Mama Joyness. Mlaze hapo, tusubiri apate usingizi."

Mtoto alipolala, Philomena akamchomeka kipira cha mashine sikioni. Kidude hiki hakijali kama mtoto anageuka. Chenyewe hutuma mlio na kusubiri sikio lijibu. Likijibu, taa ya kijani huwaka. Ikawaka nyekundu. Akatoa nta, akarudia. Nyekundu. Akahamia sikio la pili, anaiombea ile taa kama watu wanavyoombea mvua. Nyekundu tena.

Angeweza kusema tatizo limeanza juzijuzi. Nani angejua? Maneno yalikuwa yameshamfika mdomoni, akayameza.

"Mama Joyness, inabidi aende hospitali kubwa wampime zaidi. Lakini naona hasikii, na huenda hakusikia tangu siku ile. Nilikosea mimi. Wewe ndiye uliyeshtuka, yeye akageuka kwa sababu yako."

Philomena alijiandaa kutukanwa, na moyoni alitamani atukanwe. Mama Joyness hakuinua hata sauti. Alimfunika mwanawe kanga miguuni, taratibu.

"Nimekuwa nikimchapa," alisema. "Namwita, haji, nachukua fimbo. Nilijua ananisikia, nesi. Wewe uliniambia."