Wali wa Kwenda Maabara

Mama mkwe wangu hakuuogopa ugonjwa wangu hata kidogo. Alichoogopa ni choo changu kusafirishwa hadi jijini.

Nilikuwa na baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka kushambulia viungo vya mwili huohuo. Asubuhi vidole vilivimba na kukakamaa hata kufungua mlango kukanishinda. Kazi za jikoni zikarudi kwa mama mkwe, mwanamke wa kijiji cha Nkololo aliyekwisha kustaafu mwiko. Kwetu Usukumani mke wa mtoto ndiye anayempikia mama mkwe. Kila aliponitengea sahani nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nilimwomba Mungu jambo moja tu: nisonge ugali tena, nimtengee mimi.

Daktari wa Bariadi alinianzishia vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Aliniomba pia nitoe choo kwenye kopo kikachunguzwe maabara ya jijini, kabla ya dawa na baada ya miezi kadhaa. Alisema tumboni mwa kila mtu wanaishi bakteria wengi, wengine wa msaada mkubwa. Kwa wagonjwa kama mimi baadhi hupungua na wengine huzidi, na matibabu yakiendelea huweza kubadilika tena. Kwa nini hasa, bado wanatafuta. Sharti lilikuwa moja: nile kama siku zote.

Kopo la kwanza lilikwenda salama kwa sababu sikumwambia mtu. La pili nikaropoka.

"Wanaangalia ulichokula?" aliuliza mama mkwe.

"Wanaangalia bakteria, mayu," nilisema; ndivyo tunavyomwita mama.

"Na hao wanakula nini, si chakula chetu? Ng'wanone, mwanangu, wakikuta michembe tu humo, watasema nyumba hii ina njaa!"

Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, ndicho chakula chetu cha asubuhi, pamoja na maziwa mgando. Wiki ile sikuionja. Nililishwa wali wa samli, na jogoo aliyekuwa akituamsha akaingia chunguni. Jirani akauliza kama kuna harusi.

"Kuna wageni," alijibu mama mkwe.

"Wageni gani?"

"Wa maabara."

Nilipofika kliniki, daktari aliuliza nimekula nini siku zile. Nikamtajia. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia nirudi nyumbani, nile chakula changu cha kawaida kwa wiki chache, ndipo nilete kopo jingine.

Niliporudi na kumweleza, mama mkwe alinuna. "Mimi sipiki umaskini kwa ajili ya daktari. Kapike mwenyewe!"

Lilimtoka tu kwa hasira. Mimi nikaitazama mikono yangu. Uvimbe ulikuwa umeshuka siku nyingi, ila hakuna aliyeniacha nishike kitu hata nijue. Nikainjika maji, nikatia unga, nikaukamata mwiko. Ugali ulipoanza kukaza viganja viliuma kidogo, lakini vidole havikuachia. Nikasonga huku naimba, jasho linanitiririka, furaha imenijaa kifuani.

Nikapiga magoti, nikamtengea. Alimega tonge, akatafuna taratibu, akakunja uso.

"Ugali una madonge. Nani alikufundisha kusonga hivi?"

Tangu nilipougua hakuwahi kunigombeza hata mara moja. Nikacheka huku machozi yakinitoka, maana mgonjwa hagombezwi kwa ajili ya ugali wake.