Ndoo ya Viwavi Kutoka kwa Wakwe

Nakumbuka asubuhi moja nimekaa nyuma ya lori la mahindi, natoka kwa wakwe zangu Momba kuelekea Tunduma, ndoo yenye mfuniko nimeibana katikati ya magoti. Kila lori liliporuka shimo nilisema moyoni, "Polepole jamani, tuna watoto humu." Watoto wenyewe, mwanangu, walikuwa viwavi. Viwavi hai, ndoo nusu, na hawakuwa wangu.

Nakueleza haya kwa sababu wiki iliyopita uliniuliza kwenye simu kama mizinga ya nyuki ya huko Galula inaweza kupandishwa kwa bodaboda mpaka hapa Iyula, ufuge karibu na nyumbani badala ya kushinda na jua la bondeni. Nilinyamaza, ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Niliikumbuka ile ndoo.

Mimi, kama unavyonijua, ni mtu wa nyumbani. Wapo watu wakifika Mlowo wanaulizia basi la kwenda mbele. Mimi nikifika Mlowo naulizia la kurudi. Nikilala ugenini nabeba mto wangu mwenyewe, na mama yako amekwisha kunitetea kwa jambo hilo mbele za watu mpaka amechoka.

Basi ndoa yetu ilikuwa na mwaka wa pili tu. Mama yako Yunisi ametoka nyanda za chini, kwenye misitu ya mpakani, ambako mvua za kwanza zikishakolea viwavi hujaa mitini. Ni wale wanaoitwa vinkubala, uliowaona wamekaushwa sokoni Tunduma. Kwao ni mboga, ni zawadi, tena ni sababu ya binti aliyeolewa mbali kurudi kwa mama yake mwezi mzima. Na mwezi huo mzima mimi nilibaki Iyula na ugali niliousonga kwa mikono yangu, ambao hata mbwa aliunusa, akanitazama kwa huruma, akaondoka.

Nikafikiri. Na kufikiri kwangu siku zile kulikuwa na cheti cha kidato cha nne. Nilikuwa nimesoma maisha ya kiwavi ubaoni: yai, kiwavi, pupa aliyejifunga, kipepeo, halafu yai tena. Duara zuri lenye mishale minne. Nililichora kwenye mtihani nikapata alama zote. Nikasema, kumbe! Nikiwaleta viwavi Iyula watazaana kwenye kahawa yangu, Yunisi atavuna mlangoni, na mimi nitakula chakula cha binadamu mwaka mzima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wanasema wahenga. Mimi nilitaka cha mvunguni kipande kitandani chenyewe.

Nilipokwenda kumsabahi mkwe mwisho wa msimu, miti mingi ilikuwa imekwisha kuvunwa. Ulibaki mmoja umejaa, mtondo mkubwa uliofungwa kamba ya gome kiunoni. Niliambiwa wazi kabisa kwamba huo ni mti wa mbegu: hauguswi, viwavi wake wakishiba watashuka wenyewe, wajifukie mchangani, wangoje mvua za mwaka ujao. Niliambiwa, nikaitikia, tena nikatikisa kichwa kama mtu mwenye akili. Kesho yake alfajiri, Yunisi akiwa amebaki na mama yake kumalizia kukausha, nikaupitia ule mti na ndoo yangu. Niliuacha kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi.

Kwenye lori mama mmoja mfanyabiashara alijipapasa shingo akapiga kelele.

"We kaka! Mboga yako inanipanda!"

"Samahani mama, mfuniko umelegea."

"Unawapeleka wapi wabichi hivi?"

"Iyula. Nakwenda kuwafuga."

Akacheka mpaka akashika ubao wa lori. "Iyula kwenye ukungu? Wafumie masweta kwanza!"

Lori zima likacheka. Nami nikacheka, kwa dharau, maana yule mama hakuwa na cheti.

Nilipofika nyumbani niliwatandaza kwenye mikahawa. Wakatembea juu ya majani kama wageni waliokosea nyumba, hawakung'ata hata moja. Nikawahamishia kwenye mparachichi, ikawa vilevile. Kwenye mgwava wawili watatu walionja, wakaacha. Usiku wa pili ulishuka ule ukungu wetu, unaujua, wa kumfanya mtu alale na koti. Asubuhi niliwakuta wamejikunja, wameanguka, na kuku wanashukuru Mungu. Nilichimba udongo wetu mwekundu nikawafukia waliobaki, nikidhani nawasaidia kuruka hatua moja ya mchoro. Udongo ulikuwa umeloa chepechepe. Siku ya nne nilifukua nikakuta uozo.

Mambo yangeishia hapo ningekuwa nimepoteza ndoo ya viwavi na heshima kidogo. Lakini baada ya wiki Yunisi alirudi. Hakuketi. Alisimama mlangoni na mzigo bado kichwani.

"Baba yangu anataka kumfukuza Masanja," akasema.

Masanja alikuwa mfugaji aliyehamia pale mwaka uliotangulia na mke, watoto na ng'ombe wake, kwa kuwa walikotoka majani yalikuwa yamekwisha. Baba mkwe ndiye aliyempa mahali pa kujenga.

"Amekosa nini?" nikauliza, ingawa nilikwisha kujua.

"Mti wa mbegu umevunwa wote. Watu wanasema ni watoto wake, maana ndio wageni. Jumamosi wanakutana. Wakikubaliana, Jumapili anang'oa nguzo zake." Akashusha mzigo, akaenda nyuma ya nyumba, akaiona ndoo. Alirudi nayo mkononi, ameishika kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia.

"Hii ndoo ilinunuliwa kubebea maji, Baba Enoki."

Ndiyo mara ya kwanza aliniita Baba Enoki, na kaka yako alikuwa bado tumboni. Nikajua nimeharibu.

"Nitaandika barua," nikasema.

"Barua haina uso. Nenda na uso wako."

Alhamisi nilikuwa Momba, na mto wangu kwapani. Nilikusudia kusema siku ileile. Sikusema. Ijumaa nayo sikusema. Joto lilinilemea, mbu walinijua kwa jina, chakula hakikupita kooni, usingizi nao ulibaki Iyula. Baba mkwe aliniangalia ninavyosukuma tonge kutoka upande huu wa sahani hadi upande ule.

Jumamosi watu wakakaa chini ya kivuli cha ghala. Masanja akasimama, mtu mrefu, fimbo mkononi.

"Wazee wangu, ng'ombe wangu wanakula majani, hawapandi miti. Na watoto wangu wale wadudu wanawaogopa. Wakimwona mmoja njiani wanakimbilia kwa mama yao. Sasa wangewabeba vipi?"

Mtu mmoja akajibu, "Mgeni hakosi la kusema." Wengine wakaguna kukubali. Nikamwona mke wa Masanja, amesimama mbali na mtoto mgongoni, anatazama nyumba yao ambayo udongo wa kuta ulikuwa haujakauka vizuri.

Nikasimama. "Ni mimi," nikasema. "Niliwachukua mimi, alfajiri, kwa ndoo. Masanja hana kosa."

Halafu baba mkwe akauliza, taratibu kabisa, "Ulitaka kuwauza, mkwe?"

"Hapana baba. Nilitaka kuwafuga Iyula." Na kwa kuwa ujinga wa msomi hauishi upesi, nikaokota kijiti nikamchorea mavumbini lile duara langu: yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Nikamweleza mshale hadi mshale.

Akainama akalitazama muda mrefu. Akalizunguka. "Mchoro mzuri," akasema. "Sasa mwalimu, mti uko wapi?"

Nikatafuta pa kuuchora.

"Na mvua iko wapi hapa? Joto liko wapi? Mchanga mkavu wa kulalia uko wapi? Umechora mtu hana nyumba, hana chakula, hana blanketi, halafu unashangaa amekufa." Akachukua kijiti mkononi mwangu. "Hebu nikuulize. Umefika kwangu lini?"

"Alhamisi, baba."

"Siku tatu. Nimekupikia kuku. Nimekupa kitanda. Na mto umekuja nao mwenyewe, tumeuona wote." Watu wakaanza kucheka. "Hata hivyo hujala, hujalala, umekonda kama fimbo ya Masanja. Wewe una akili, una miguu, una nauli ya kurudi, na siku tatu zimekushinda. Wale wadudu uliwapa siku ngapi?"

"Nne, baba."

"Basi wamekushinda uvumilivu."

Masanja ndiye aliyecheka zaidi ya wote, akanipiga begani akasema, "Kijana, ukija tena kuiba, iba ng'ombe. Huyo angalau anatembea mwenyewe." Lakini macho yake yalikuwa na machozi, na mkewe alikwisha kugeuka kwenda kupika. Walikaa. Wajukuu wa Masanja wako pale mpaka leo.

Adhabu yangu ilikuwa hii: kila msimu nije, nikae mwezi mzima, nilinde mti wa mbegu. Mimi! Mwaka uliofuata mtondo ule ulikuwa na viwavi wa kuhesabika kwa vidole, na mama mkwe na wenzake walitembea mbali sana kutafuta mboga, wakinipita bila neno. Kutosemwa kuliniuma kuliko kusemwa. Mwaka wa tatu ndipo mti ulipojaa tena. Nilikaa chini yake nikasikia viwavi wakitafuna juu na vinyesi vyao vikidondoka majanini kama manyunyu, nikaelewa kwamba hawakuja tu kuishi pale. Jani lile, joto lile, mvua inayoanza wakati ule na mchanga ule ndivyo vilivyowafanya wawe walivyo.

Sasa jibu la nyuki wako, mwanangu. Kila ndege huruka na ubawa wake, na ubawa wenyewe umeshonwa na upepo wa kwao. Kabla hujafunga mzinga kwenye bodaboda, nenda Galula ukae nao. Uone maua gani wanayanywa na yanachanua mwezi gani, maji wanayateka wapi, usiku wa kule una baridi kiasi gani. Kisha njoo Iyula utazame kama hivyo vipo. Visipokuwepo, waache, ukawafuate wewe, au weka mzinga mtupu hapa juu ungoje nyuki wa huku wanaojua ukungu wetu. Na ukikosea, maana utakosea, wewe ni mtoto wangu, sema mapema, asije mwingine akang'oa nguzo zake kwa ajili ya ndoo yako. Tena usikate miti ya kule ukidhani nyuki watapata pengine pa kukaa. Pengine pana wenyewe, au hapana kitu.

Mvua zimeanza. Mama yako amekwisha kufunga mzigo, mimi natafuta mto wangu. Kesho tunateremka Momba, kama kila mwaka. Mungu akupe miguu ya kwenda na nyumba ya kurudia. Mizinga yako ijae, mikono yako isivimbe, na popote utakapoishi pawe mahali panapokutaka.